Sheria ya Kusukuma Gari Langoni

Inatangazwa kwa majirani wote, marafiki, maadui, na paka wanaolala juu ya paa letu, kwamba familia yetu tukufu imeazimia kufanya ziara rasmi ya mwisho wa wiki katika mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe, ili kukagua malango yake, kupanda minara yake, na kuupa mji huo heshima ya kututazama. Msafara utaongozwa na mkuu wa kaya. Wananchi wanaombwa wasisukumane barabarani.

Tangazo hilo nililisoma sebuleni Jumatano, nimesimama juu ya kigoda, taulo begani mithili ya joho. Bibi alipiga makofi. Baba akaniambia nishuke kabla sijavunja kigoda, tena nikumbuke kwamba msafara wenyewe ni gari moja lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa.

Baba ni mwalimu wa udereva. Gari lake la kazi ndilo gari letu la familia, nalo lina breki mbili, moja ya dereva na nyingine, upande wa pili, ya mwalimu. Tukitoka wote, Mama hukaa kiti cha mwalimu, na mguu wake hauna subira. Akiona kuku, breki. Akiona mtu anayefanana na kuku, breki. Wameoana miaka mingi na mpaka leo haijulikani nani hasa anaendesha.

Pamoja na hayo, Baba ni mtu wa sheria kuliko sheria zenyewe. Husimama kwenye alama ya kusimama hata pakiwa hapana mtu wala mbuzi, huangalia kulia, kushoto, kulia tena, ndipo aende. Mwambie kitu ni marufuku, atakushukuru kwa kumfahamisha. Udhaifu huo niliujua vizuri. Nilikuwa nimeuhifadhi kwa matumizi ya baadaye.

Ziara ilikuwa ya Mama. Hilo tulilijua wote, hata mdogo wangu Kiroboto, ambaye hajui mengi. Mama ni dobi wa hospitali. Kazi yake ni shuka: kuzitoa kwenye mashine, kuzipitisha kwenye pasi kubwa ya mvuke, kuzikunja, kuzipanga rafuni, na kesho yake zinarudi zote kama watoto watoro. Alizipata Jumamosi na Jumapili hizo kwa kumfanyia mwenzake zamu msimu mzima wa mvua, na msimamizi wake alishamwambia asitegemee nyingine mwaka huu.

"Mimi minara yenu siitaki," alisema Jumatano hiyo hiyo. "Nataka kitanda kimoja ndani ya huo ukuta, chenye shuka ambazo sikuzifua mimi. Nitalala. Asubuhi nitaziacha zimevurugika vile vile, niondoke bila kugeuka nyuma."

"Hata kuzikung'uta?" Bibi akamchokoza.

"Hata kuzitazama, Mama."

Begi lake lilikuwa tayari kwenye buti la gari. Alilipakia kabla hatujakubaliana hata saa ya kuondoka.

Mipango ilifanyika kwenye meza ya Baba ya kufundishia, ubao mpana uliochorwa barabara na mizunguko, wenye vigari vya mbao vya kuonyeshea nani apite kwanza. Baba alizungusha ukuta wa viberiti katikati, akaacha nafasi ya lango, kisha akatugawia vyeo. Yeye alikuwa gari jekundu. Mama gari jeupe. Bibi alipewa lori la taka, akagoma, akapandishwa kuwa gari la zimamoto. Mimi nikapewa baiskeli isiyo na gurudumu la mbele.

Nilitoa mapendekezo mazito. Kwamba tuingie mjini kwa kupiga honi ya heshima. Kwamba mimi nilale mnarani kama mlinzi. Kwamba Kiroboto aachwe kwa majirani kwa manufaa ya taifa.

"Pendekezo limepokelewa," Baba alijibu kila mara, macho kwenye viberiti. Mwisho akanikazia macho. "Wewe utakuwa mkuu wa mizigo."

"Majukumu yake?"

"Kubeba."

Nawaomba wasomaji wanyamaze kidogo hapa. Mtu aliyetoka shule ya bweni, kiranja msaidizi wa bwalo, mtu anayeweza kuigiza sauti ya mwalimu wa nidhamu hadi bweni zima likaingia vitandani na viatu, anaambiwa abebe. Nililala na kinyongo. Niliamka na mpango.

Alhamisi asubuhi nilimwamkia Bibi vizuri kuliko kawaida.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Unataka nini?"

"Simu yako tu, nisikilize redio."

Nikachomoa laini yake na kuchomeka yangu ya magendo, ile tuliyoificha bwenini ndani ya sabuni. Nikajifungia chooni, nikabana pua kidogo, nikampigia Baba, aliyekuwa uani anafuta vioo vya gari.

"Mwalimu wa udereva?" nilinguruma. "Hapa ni Ofisi ya Lango Kuu, Kitengo cha Magurudumu. Tumearifiwa na nyumba ya wageni kwamba unakuja na gari la mafunzo."

"Ndiyo, mkuu." Kupitia kidirisha cha choo nilimwona ameweka kitambaa chini na kusimama wima.

"Gari la mafunzo haliruhusiwi kuachwa nje ya ukuta. Sharti liingie. Na likishafika langoni haliruhusiwi kuwashwa, kwa sababu ya mtikisiko. Mawe ni ya kale. Litasukumwa kwa mikono."

"Na nani, mkuu?"

Swali hilo sikulitegemea, lakini kipaji hakiombi muda. "Na familia. Kuna mwinuko kidogo."

"Nimeelewa. Asante sana kwa kunifahamisha mapema."

Asante! Niling'ata taulo nisicheke. Mpango wangu ulikuwa kumwacha ateseke kidogo, nimsikie akimhadithia Bibi, kisha nifichue kila kitu mezani na kupandishwa cheo. Nilikuwa nimesahau kwamba Baba hateseki na sheria. Baba huifanyia mazoezi.

Mama aliporudi kutoka zamu alasiri, hata viatu hajavua, alitukuta tumepangwa nyuma ya gari barabarani. Baba alimweleza sheria. Mama akamtazama, akalitazama gari.

"Mwalimu, si tupande basi tu?"

"Kituo cha basi kiko mbali, na magoti ya bibi yao unayajua. Gari ni jepesi, mke wangu. Ni mbinu tu. Mgongo wima, nguvu itoke miguuni."

Bibi ndiye aliyepewa usukani, kwa kuwa ndiye asiyeweza kusukuma. Hajawahi kuendesha chochote maishani mwake, na alikaa pale kama aliyezaliwa pale.

"Nishike wapi?"

"Hilo duara, Mama! Usilizungushe!"

"Na miguu?"

"Popote!"

Tukasukuma. Mimi nilitaka kusema kweli wakati huo, naapa, lakini Baba alikuwa anahesabu "moja, mbili, sasa!" na majirani walikuwa wametoka kutazama, na mtu ana heshima yake. Tulisukuma hadi mishipa ya shingo ikatutoka. Gari halikutikisika. Kiroboto akasukuma kwa kichwa. Wapi. Baba akaenda dirishani, akachungulia.

"Mama, mguu wako uko wapi?"

"Umesema popote. Nimepata pahala pazuri pa kuuegesha."

"Hiyo ni breki, Mama."

"Basi ungesema popote isipokuwa breki."

Jirani wa ng'ambo aliketi chini kwa kicheko. Tukaanza upya, na safari hii gari likaenda. Bibi akawa anapungia watu mkono kwa zamu, huku na huku. Nakiri ilikuwa fahari, na kwa muda mfupi nikajiona mtu aliyeileta familia pamoja. Kisha tukafika pale njia inapoanza kupanda, na Baba akasema, "Huu ndio mwinuko wa langoni. Vumilieni!"

Gari lilipanda hatua chache, likasita, likaanza kurudi. Mimi niliruka pembeni, Kiroboto akapiga unyende, Baba akakimbilia mlango na kuvuta breki ya mkono. Aliyebaki ameliegemea nyuma kwa bega, peke yake, alikuwa Mama.

Likasimama. Mama akaketi ukingoni mwa barabara na sare yake ya kazi, akawa anajisugua bega taratibu.

"Umeumia?" Baba aliuliza.

"Sijaumia. Nimechoka. Bega hili limebeba shuka wiki nzima." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Nendeni nyinyi. Mimi nitabaki nyumbani nilale."

"Tuende bila wewe tukafanye nini huko? Basi, tuahirishe. Nikishaoga nitapiga simu nyumba ya wageni, watupe siku nyingine."

"Siku ipi?" Mama akauliza.

Baba akaenda kuikagua breki ya mkono, ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Bibi akaachia usukani.

Hapo ndipo utukufu uliponiisha. Mbavu zilizokuwa zinauma kwa kicheko zikawa zinauma tu. Lakini msinidhanie nilinyoosha mkono na kukiri, la hasha. Nilijitia hamnazo, nikasaidia kulirudisha gari uani, na njiani kichwa kikawa kinafanya kazi. Aliyetunga sheria anaweza kuitengua. Mkuu wa Kitengo cha Magurudumu angepiga simu tena, angesamehe, na sote tungeishi kwa amani bila mtu kujua lolote. Niliona ni suluhisho la kiungwana kabisa, hasa kwangu.

Nikaenda kuichukua simu ya Bibi, nikachomeka laini yangu tena. Choo kilikuwa na Baba, anaoga. Chumbani kwetu Kiroboto alikuwa anawahadithia wanasesere wake ajali nzima. Mahali pekee palipobaki tulivu ni ndani ya gari. Nikaingia kiti cha mwalimu, nikafunga vioo vyote, nikateremka chini hadi kichwa kisionekane, nikasubiri maji yaache kumwagika. Yalipoacha, nikabana pua.

"Mwalimu wa udereva? Lango Kuu hapa."

"Ndiyo, mkuu! Nilikuwa ndiyo kwanza nataka kuwapigia nyumba ya wageni."

"Usiwapigie!" Sauti ilinipanda, nikaishusha. "Usiwapigie. Kamati imekaa. Imeonekana kwamba familia yako ni ya nidhamu ya hali ya juu, hasa mke wako. Mmesamehewa kusukuma. Liache gari nje ya ukuta, ingieni kwa miguu kama watu wengine."

"Mkuu, sijui niseme nini. Mke wangu atafurahi mno. Lakini, samahani, mmejuaje habari za mke wangu?"

Nikateremka zaidi kitini. "Ofisi," nilisema, "ina macho mengi."

"Kweli ina macho mengi," ilisema sauti nyuma yangu.

Haikutoka kwenye simu. Nikageuka polepole. Mlango wa buti ulikuwa wazi, na Mama amesimama pale, begi lake mkononi. Alikuja kulishusha, kwa kuwa safari haipo. Sijui alisimama kwa muda gani. Uso wake ulionyesha ni muda wa kutosha.

Wakati huo huo Baba akatokea barazani, taulo kiunoni, povu sikioni, simu imebanwa kwenye sikio jingine. "Mke wangu!" aliita. "Tumesamehewa! Ninaongea na mkuu mwenyewe!"

"Hata mimi niko naye hapa," Mama akasema. "Mwambie mkuu ashushe kioo."

Baba alimtazama Mama, akatazama gari, akanitazama mimi kupitia kioo cha mbele, nikiwa nimeshika simu ya Bibi sikioni na vidole viwili puani. Tulitazamana hivyo, kila mtu na simu yake. Nikajaribu kuvaa miwani ya mbao, lakini umbali ulikuwa mdogo.

"Mkuu," Baba aliita, na nikamsikia mara mbili, simuni na barazani. "Shuka kwenye gari langu."

Nikashuka. Bibi alikuwa dirishani tayari, na Kiroboto anamkanyaga ili aone vizuri.

"Hakuna Kitengo cha Magurudumu," nilisema. "Hakuna sheria. Hakuna aliyepiga simu ila mimi, asubuhi kutoka chooni, na sasa hivi. Nilikasirika kufanywa mbeba mizigo."

"Endelea," Mama akasema. Begi bado lilikuwa mkononi mwake.

"Nilitaka kusema kweli pale tulipoanza kusukuma."

"Kwa nini hukusema?"

Nilikuwa na jibu zuri kuhusu heshima na majirani. Nililiangalia bega lake, nikaliacha.

"Kwa sababu nilikuwa nafurahia, Mama. Hadi ulipokaa chini."

Baba alikuwa amefika, anadondosha maji. Alifungua mdomo, na najua hotuba ilikuwa ndefu. Mama akamzuia kwa mkono, akarudisha begi ndani ya buti, akalisukumia mpaka mwisho kabisa, akafunga.

"Mwache amalize kwanza," alisema. "Namba ya bibi yake ungeijua. Hiyo laini ya simu ameitoa wapi?"

Nikavuta pumzi, nikaanza kueleza habari za sabuni.