Mlango Uliomsubiri Bero

Kocha Zvonko Perkušić hakuruhusu mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ufungwe. Hata Januari, mto Drava ukiwa umeganda kingoni, tulikaa mle na fulana zilizolowa jasho huku upepo ukitupiga shingoni. Kwetu radi haiogopwi kama upepo wa mlangoni. Mama zetu huusingizia kila ugonjwa, kuanzia jino hadi figo.

"Kocha, shingo imepinda," alilalamika Matko, beki wetu wa kushoto. "Nikipiga kichwa, mpira unaenda Hungaria."

"Hata ilipokuwa imenyooka ulikuwa unaenda hukohuko."

Mlango ukabaki wazi.

Sababu tuliijua sote, ila hakuna aliyethubutu kuitaja mbele yake. Ujanani alikuwa winga wa klabu hiihii, na golikipa alikuwa rafiki yake, Bero. Vita vilipoanza, mahindi yangali shambani, siku moja baada ya mazoezi Bero alitaka kukimbia nyumbani kumtazama mama yake. "Usifunge, Zvonko, narudi sasa hivi." Mizinga ikaanza kulia. Zvonko alingoja, akangoja, kisha akafunga kwa ufunguo na kukimbilia handakini. Bero hakuonekana tena.

Zvonko alikwenda kucheza Zagreb, mji mkuu wetu, halafu Ujerumani, akafunga mabao ambayo wazee wa baa yetu wanayaigiza hadi leo kwa vikombe vya kahawa. Akawa kocha Austria. Kote huko aliacha mlango wazi. Mwishowe mwenye timu, aliyechoka kuona wachezaji wake wakipiga chafya, alimwambia achague: mlango au kazi. Ndipo akarudi kwetu, kwenye ligi ambayo mstari wa uwanja unachorwa kwa chokaa ya kupaka miti.

Machi ile Ljerka, dada yake Bero, alikuja katikati ya mazoezi. Nilikuwa golini, karibu nao.

"Wamempata," alisema. "Mifupa imelingana na damu yangu. Tunazika Jumamosi asubuhi. Nataka ubebe jeneza."

"Jumamosi nina mechi."

"Mechi ni alasiri. Usinifanye mjinga, Zvonko."

Kocha aliinamia soli ya kiatu chake, akaanza kubandua tope kwa kidole. "Siwezi kumbeba. Mimi ndiye niliyemfungia mlango."

"Nani kakwambia alirudi?"

Kidole cha kocha kilisimama kwenye tope.

"Amekutwa chini ya miti ya plamu ya jirani zetu akina Fabijan, upande wa mtoni. Askari walimkamata akielekea nyumbani. Hata kwa mama hakufika, sembuse mlangoni kwako." Ljerka alikaza kitambaa chake kichwani. "Umri wote huu unawagandisha watoto wa watu bure, kaka yangu. Njoo umbebe."

Alikuja. Alishika upande wa mbele, kichwa kimelala kwenye ubao kama mtu anayesikiliza.

Alasiri aliingia chumbani akiwa na udongo wa makaburini kwenye viatu vyake vyeusi. Akatutazama, akageuka, akaufunga mlango. Kitasa kililia. Hakuna aliyeshangilia, hata Matko. Madirisha yalikuwa yamefungwa, hita inawaka, na kwa mara ya kwanza nikasikia joto mle ndani.

"Mabeki," kocha alianza, "leo msipande wote kwa pamoja, kwa sababu yule—"

Upepo ukapita.

Mimi hukaa karibu na mlango, kwa hiyo ulinifikia kwanza. Ulinigusa shingoni, baridi, una harufu ya majani mabichi ya mahindi, kisha ukashuka polepole kuelekea mwisho wa benchi. Niliona wenzangu wakijikunyata mmoja baada ya mwingine. Ulipofika kwa Matko, hakulalamika. Alijivuta pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Kocha aliitazama nafasi ile.

"Umechelewa," alisema kwa sauti ya chini.

Kisha akaendelea kuwapanga mabeki.