Bwana Harusi Yuko Angani

Hakuna fundi cherehani Nyamisangura nzima, pale Tarime, anayeiamini futi kamba yake kama Mzee Muzamil, na imani hiyo ilibaki kidogo tu imkoseshe binti yake, Samira, mume.

Mchumba, Maftah, alikuwa fundi majokofu wa Dar es Salaam, na alitakiwa kufika Tarime kufunga ndoa Ijumaa kabla ya saa nane. Sheikh alikuwa na ndoa nyingine Mugumu jioni hiyo, na kesho yake anaondoka kwenda Umra mwezi mzima. Maftah mwenyewe kapewa likizo ya siku nne, kuanzia Ijumaa hiyo hiyo. Ikipita, imepita.

Basi mzee akaipima ramani ya kalenda pale ukutani. Mwanza hadi Tarime, inchi mbili. Kisumu hadi Tarime, inchi moja na nusu. Akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Usishukie Mwanza, utatuchelewesha. Pitia Nairobi, ushukie Kisumu. Migori tuna ndugu, watakuleta. Hapo mpakani Sirari sisi tunavuka kila siku."

Nani abishane na baba mkwe kabla hajaoa? Maftah akakata tiketi.

Ijumaa alfajiri akapiga simu kutoka uwanja wa ndege, sauti imemshuka.

"Samira, wananidai pasipoti."

"Pasipoti ya nini?"

"Ya kwenda Kenya."

Samira akakaa kitako na hina yake mikononi. Nyumba nzima hakuna aliyelifikiria hilo. Wao wakiishiwa sukari hupanda bodaboda wakavuka. Kenya kwao ni uani kwa jirani. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Alimtaka mtu huyu, na alimtaka leo.

Ndege ya Mwanza ilikuwepo, ya saa sita. Saa moja na nusu angani, halafu saa tano barabarani. Angefika magharibi, sheikh yuko Mugumu. Ndipo Dullah, binamu yake Maftah mwenye duka la vitambaa hapo mjini, Bomani, alipouliza, "Kwani hawezi kuniweka mimi wakili, nimpokelee ndoa?"

Samira alimrukia kwa furaha, almanusura amchafue shati kwa hina. Karibu saa sita, Maftah akiwa ameshapanda ndege ya Mwanza, wakaiweka simu spika mbele ya sheikh na mashahidi.

"Mimi Maftah namfanya Dullah wakili wangu, anipokelee ndoa ya Samira binti Muzamil. Sheikh, inafaa?"

Sauti ya mhudumu wa ndege ikaagiza simu zizimwe. Simu ikakatika. Sheikh alikuwa bado anashika ndevu, hajasema ndiyo wala hapana.

Saa saba na nusu Samira akaanza kuipiga ile namba. Haipatikani. Akapiga tena, na tena. Mara ya kumi na moja ikaita.

"Ndiyo nashuka," Maftah alisema akihema. "Sheikh yupo?"

"Ameshaondoka."

"Dah. Nisamehe, mchumba wangu."

"Mchumba yupi? Huyo ameshaolewa."

"Ameolewa na nani? Msiniambie Dullah!"

Samira alishindwa kujizuia, kicheko kikambubujika. "Na abiria mmoja wa ndege. Sheikh kakubali, kaoa akiwa hewani, hata soda ya harusi yake hajanywa!"

Yowe lililotoka kwenye simu lilimfanya Mzee Muzamil asahau tonge mkononi. Kisha wote wakamsikia Maftah akiwapigia kelele madereva wa teksi: "Tarime! Nani ananipeleka Tarime? Nina mke huko!"