Hotuba Iliyokatishwa na Dunia Nzima

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Upupu hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata bwenini, kidato cha kwanza, kwa sababu kila alipopita watu walianza kujikuna. Huyu alikuta viatu vyake vimefungwa kwenye mguu wa kitanda, yule akakuta mswaki wake una chumvi, na matroni, mama wa watu asiye na hatia, alipuliza filimbi ya asubuhi ikatoa unga. Matroni ndiye aliyeandika barua nyumbani: "Mtoto huyu anahitaji mahali penye nafasi kubwa zaidi."

Wazazi walisoma, wakatazamana, wakaona hakuna penye nafasi kubwa kuliko baharini.

Mama yake alikuwa nahodha wa kivuko. Kwa miaka kumi na tisa alivusha watu ng'ambo na kurudi, ng'ambo na kurudi, mpaka siku moja akaweka kijiko mezani na kutangaza kwamba amechoka kurudi. Baba alikuwa fundi wa majokofu na mtu asiyejua kumkatalia mkewe kitu. Wakanunua mashua kuukuu ya tanga, wakaikarabati uani miaka mitatu, na majirani wakawacheka mpaka wakazoea. Mdogo wake Upupu, ambaye hutapika hata akiwa ndani ya beseni, iliamuliwa abaki kwa bibi.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu: Mwalimu Ikweta, mkuu wa shule na mwalimu wa jiografia, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya mkanda wake, uliozunguka tumbo la mviringo katikati kabisa, bila kupanda wala kushuka. Alikubali, lakini kwa maandishi na muhuri: mwanafunzi aizunguke dunia mzunguko kamili, usiopungua hata urefu wa rula, na alete daftari la safari kama ushahidi. Akitimiza, ataendelea na wenzake. Akipungukiwa, atarudia kidato.

Kurudia kidato maana yake kukaa dawati moja na mdogo wake. Mdogo mtu alipopata habari hizo alisogeza vitabu vyake upande mmoja.

"Karibu, dada," alisema kwa upole wa kutisha. "Ila dirishani nakaa mimi."

Siku ya kuondoka, gati lilijaa ndugu. Mjomba alipanda mashuani kuaga kwa niaba ya ukoo. Mjomba ni mshereheshaji wa harusi, na haijawahi kutokea harusi aliyoishika yeye ikaisha siku iliyoandikwa kwenye kadi. Alifungua karatasi, akakohoa, akaanza na babu wa babu yao. Baada ya nusu saa alikuwa bado hajamfikia babu mwenyewe. Jua lilichoma. Vidole vya Upupu vilianza kumwasha, na kamba ya mashua ilikuwa karibu, imefungwa na baba kwenye nguzo ya gati kwa fundo zuri kabisa.

Alilifungua. Basi, hakufanya zaidi ya hapo.

Mjomba alipofika kwenye maneno "na sisi tunaobaki nchi kavu," alikuwa mita sitini kutoka nchi kavu. Watu gatini walipunga mikono, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Upepo ulikuwa unasukuma upande wa machweo, kurudi nyumbani hakuwezekani, ikabidi mjomba ashushwe kwenye gati la kiwanda cha saruji, kilomita nne mbele, suti yake nyeusi ikawa ya kijivu, na hotuba yake haijafika nusu.

"Fundo gani lile, mume wangu?" Mama aliuliza.

"Nililikaza," alisema Baba.

"Ulilikaza." Mama akatikisa kichwa. Tangu hapo Baba alipigwa marufuku kugusa kamba yoyote. Akapewa sufuria. Aliitwa Fundo Legevu bahari ya kwanza, ya pili na ya tatu. Upupu alifungua mdomo kukiri mara mbili hivi, akaona heri afungue biskuti.

Mwaka ule ulikuwa mtamu ajabu. Upupu alijifunza kushika usukani kwa vidole viwili, na kuujua upepo kwa sikio lipi linapoa. Alifua nguo kwa kuzifunga kwenye kamba na kuziburuta nyuma ya mashua, ndiyo maana soksi zake zote zimeogelea mbali kuliko wavuvi wengi. Nyangumi alijitokeza karibu nao asubuhi moja, mkubwa kama bweni, akapumua, na harufu ya pumzi ile ilimkumbusha jikoni shuleni siku ya Ijumaa. Samaki wa kuruka aliingia mwenyewe kwenye sufuria ya Baba, Baba akamwomba radhi kabla ya kumfunika. Kuna siku mawimbi yaliinuka marefu kama minazi, Mama akaimba nyimbo za kanisani na za disko bila kutenganisha, na walipotoka upande wa pili watatu wote walicheka mpaka wakakaa chini.

Siku nyingine Upupu aliita meli kubwa ya makontena kwa redio akatangaza, kwa sauti ya muuza genge, kwamba ana mboga mbichi, mafungu mawili kwa bei ya moja. Kisha nahodha wa meli ile akajibu kwa unyenyekevu kabisa kwamba mboga wanazo, lakini je, vitunguu vipo?

"Vipo," alijibu Upupu, "ila vimechipua."

Mama alimlazimisha kuomba msamaha kwa lugha mbili.

Ikafika asubuhi ya mwisho. Walikuwa wanarudi kutokea upande wa mawio, kama inavyompasa mtu aliyeondoka kuelekea machweo. Mama alikuwa amepiga pasi sare yake ya unahodha kwa kuilalia. Kwa mbali gati la nyumbani lilionekana, na matarumbeta yalisikika. Upupu alilifungua daftari la safari ili aandike mstari wa mwisho. Alitaka ufanane na wa kwanza, kwa hiyo akarudi ukurasa wa kwanza kusoma alichoandika.

"Saa tano na robo asubuhi. Gati la kiwanda cha saruji. Mjomba ameshushwa. Safari inaanza."

Chini yake ilikuwa saini ya Mama. Upupu akakumbuka. Mama ndiye aliyeamuru iandikwe hivyo, kwa sheria ya kivukoni: safari haihesabiwi mpaka wa kushuka washuke. Na gati la saruji lilikuwa mbele ya nyumbani, kilomita nne zaidi. Kwa mujibu wa daftari lao wenyewe, hawakuwa wameizunguka dunia. Walikuwa wameizunguka dunia kasoro kilomita nne, na hizo ni rula nyingi sana.

Aliitazama kalamu. Maneno "kiwanda cha saruji" yangefutika kwa tone moja la chai. Nani angejua? Mwalimu Ikweta husoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa chaki, lakini chai ni chai. Upupu akainua kikombe, akakishikilia juu ya ukurasa, akaona mkono wake unasita. Amewahi kudanganya matroni, bawabu, na nahodha wa meli ya vitunguu, lakini maji aliyopita hajawahi kuyadanganya. Alikunywa ile chai, akakitua kikombe pembeni mwa ukurasa, kisha akalibeba daftari nyuma kwenye usukani.

"Mama, tusitie nanga nyumbani."

"Unaumwa?"

Akamwonyesha ukurasa. Mama alisoma mara mbili, akatazama matarumbeta, akatazama sare yake.

"Sheria ni sheria," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayemeza jiwe. Kisha akamgeukia Baba, aliyekuwa mlangoni na sufuria yake. "Unaona, Fundo Legevu? Kamba yako ile imetuponza mpaka leo."

Baba aliinamisha kichwa. Aliisugua tu sufuria ambayo ilikwisha kutakata. Upupu akalifunga daftari.

"Ni mimi," alisema. "Fundo la baba lilikuwa zuri. Nilitumia dakika tano kulifungua."

Gatini tarumbeta moja likakosea noti.

"Mwaka mzima," alisema Baba taratibu, "nimeosha vyombo. Nimeoshea bahari tatu!" Mabega yake yakaanza kutikisika. Upupu akadhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka sufuria ikamponyoka na kuzama majini, nayo haikusindikizwa hata kwa salamu. "Nilijua nililikaza! Mama Upupu, nilikwambia nililikaza!"

"Samahani, mume wangu," alisema Mama, na mdomo wake nao ulikuwa unapigana na kicheko. Akamnyooshea bintiye kidole. "Wewe, vyombo ni vyako mpaka uolewe. Na ukiolewa, utakuja Jumapili."

Kwa hiyo ukoo mzima, uliosimama gatini na maua, ukaishuhudia mashua ikija, ikikaribia, ikipunga mkono, na ikipita.

"Wamesahau breki!" alipiga kelele bibi.

"Gati la saruji!" Upupu aliita kwa viganja mdomoni. "Tunarudi sasa hivi! Hatujamaliza dunia!"

Hapakuwa na gari isipokuwa lori la saruji lililosimama kando ya barabara. Bibi alikaa mbele na dereva, matarumbeta yakapanda nyuma pamoja na ukoo, na Mwalimu Ikweta akapandishwa kwa kusukumwa na watu wanne. Lori lilikimbia ufukweni sambamba na mashua, vumbi likitimka, matarumbeta yakilia kila lilipoingia shimoni. Waliposhuka walikuwa weupe pe, kuanzia kope.

Mashua iligusa gati saa nne na dakika hamsini. Mama alinyoosha mkono kuchukua kamba, akasita, akampa Baba. Baba alifunga fundo. Akafunga la pili juu yake. Alipofika la saba, watu walikuwa wanahesabu kwa sauti.

Mwalimu Ikweta alilisoma daftari lote pale pale, amesimama, mweupe kama ncha ya dunia. Alipofika mwisho alirudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye gati la saruji, akatazama chini alipokanyaga.

"Ungeshuka kule nyumbani," alisema, "ungerudia kidato."

"Najua, mwalimu."

"Na ukurasa huu una duara la kikombe pembeni."

"Nalo najua, mwalimu."

Mwalimu akatoa kalamu, akaipangusa saruji, akasaini. Mdogo mtu, aliyekuwa amesimama karibu akiwa na matumaini, alishusha pumzi ndefu akaomba angalau aonyeshwe zile soksi zilizoogelea.

Hapo mjomba akajitokeza. Alivaa suti ile ile. Alitia mkono kwenye mfuko wa ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua, akatafuta kwa kidole mahali alipoishia.

"Na sisi tunaobaki nchi kavu," alisoma, "tuna machache ya kusema."

Ukoo ukaguna. Upupu aliitazama kamba. Vidole vilimwasha, Mungu anajua viliwasha. Lakini Baba alikuwa amekwisha kukaa juu ya lile fundo, miguu ameikunja, uso una furaha tele, na dalili zote zilionyesha kwamba hatainuka leo.

Upupu akakaa karibu naye, akamlalia begani, akasikiliza habari za babu.