Kigoda cha Job

Kabla ya mapambazuko nilisikia kigoda kikiburutwa sebuleni. Nilijua ni Risper, mjukuu wangu. Kigoda kilikuwa cha babu yake, Job, na Job tulikuwa tumeshamzika.

Kila likizo waliamka hivyo. Job aliketi na chai yake, Risper akasimama kumfundisha aliyosoma muhula ule. Job aliishia darasa la nne, lakini alikuwa mbishi. "Hapo umenidanganya, mwalimu," angesema, na Risper angecheka, arudie mpaka yeye mwenyewe aelewe.

Alipofika kidato cha nne, shule zilikuwa zinafidia muda uliopotea wakati wa korona. Mihula ikabanwa, likizo ikawa wiki moja tu, na watahiniwa wa shule yake ya bweni kule Suna wakaambiwa wabaki wamalize silabasi. Mwaka mzima Risper hakuvuka ziwa kuja kisiwani kwetu, Mfangano.

"Dani, tunakimbia tu," aliniambia kwa simu ya mwalimu. Mimi bibi yake aliniita Dani, na Job alimwita Kwara. "Leo mada mpya, kesho mada mpya. Hakuna kinachokaa kichwani. Mwambie Kwara ajitayarishe, nikimaliza mtihani nitamfundisha yote."

Job alikuwa tayari mgonjwa wa kitandani. "Asiambiwe mpaka karatasi ya mwisho," alisema. Tukatii. Tulimzika mtihani ukiendelea.

Risper alipomaliza, Kuruthum, mwenye duka karibu na shule, alifunga duka akamsindikiza hadi Mbita asisafiri peke yake. Hakumwambia neno juu ya msiba. Nilimwambia mimi, kando ya kaburi, siku moja kabla ya asubuhi ile ya kigoda. Hakulia.

Asubuhi hiyo nilisimama mlangoni. Alikuwa ameweka kikombe cha chai mbele ya kigoda kitupu.

"Kwara, kwenye mtihani kulikuwa na swali la lenzi," alikuwa akisema. "Mwanga ukiingia hapa..." Akakwama. Akaanza tena, akakwama palepale. Akaniona. "Dani, hili tulifundishwa kwa siku moja. Nililiacha wazi. Angesema nimemdanganya."

Nikaketi kwenye kigoda, nikachukua kile kikombe. "Basi nidanganye mimi. Kusoma sijui sana, lakini ubishi ninao."

Hapo ndipo alipolia. Chai ikapoa mikononi mwangu.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa mama yake, Migori. Nilimfikisha kwenye boti, nikamshika mkono kwa muda mrefu kupita kiasi.

"Urudi, nyakwara," nikamwambia mjukuu wangu. "Hata kwa siku moja. Lile la lenzi bado sijalielewa."