Idhini Kutoka Kilwa

Asubuhi ya harusi ya mwanangu Zaitun, simu ya dukani ililia. Nikaipokea kama ninavyozipokea zote.

"Duka la simu la Mwamvua, Kibiti. Nikuitie nani?"

Sauti ya mwanamume ikasema, "Mama Zaitun, ni mimi."

Miaka tisa! Miaka tisa tangu Haidari aniandikie talaka akahamia Kilwa, hata salamu ya barua hatujapeana, kila neno hupitia kwa ndugu zake, leo ananiita Mama Zaitun utadhani katoka sokoni mara moja. Lakini ningefanyaje? Baba ndiye walii. Bila neno lake hakuna ndoa. Mie niliyemlea mtoto peke yangu, nikamsomesha, nikakesha naye akiumwa, siwezi kumwozesha hata nikisimama kichwa chini miguu juu.

"Uko wapi?" nikamuuliza. "Watu washaanza kuchinja huku."

"Niko Kilwa. Jana nilifika mpaka Ndundu, pantoni haivushi, mto umefurika vibaya. Nimerudi. Ahirisheni mpaka maji yapungue."

Ahirisheni, ati! Shaban, bwana harusi mwenyewe, kijana wa Maparoni, keshokutwa anaripoti kazini kiwanda cha samaki kule Mafia, mkataba wa mwaka mzima. Na Zaitun posa mbili zilishamvunjikia kwa mambo haya haya ya kumngoja baba, mara anakuja, mara haji. Hii ya tatu ikivunjika, mwanangu angesemwa Kibiti nzima. Na huyu Shaban anampenda, sifichi.

Nikapata wazo hapo hapo.

"Sikiliza, Baba Zaitun. Saa saba na nusu piga tena namba hii hii. Utamweka mtu wakili kwa simu, aozeshe kwa niaba yako. Ukipiga, ndoa ipo leo leo."

"Nitapiga."

Hiyo "nitapiga" yake naijua mie.

Duka lenyewe lilikuwa la cherehani mbili. Moja niliiuza, watu wakaniona nimerukwa na akili, nikanunua simu ya mezani, ile isiyo na waya wa posta. Fundi akaifunga antena juu ya boriti ndefu ya mkoko nyuma ya duka. Naiuza simu kwa dakika, na asiye na uwezo namuuzia nusu dakika. Msicheke! Kwa nusu dakika mtu anasema "mama kapona, msije," anaondoka anatabasamu. Wananijia mpaka kutoka Mahege kwa baiskeli.

Basi nikatoka mbio kwenda kwa Shehe Abdalah, nanuka vitunguu, kanga inaburura.

"Shehe, walii akimweka mtu wakili kwa simu, ndoa inaswihi?"

Shehe akaniuliza maswali mengi kuliko polisi. Mwisho akasema, "Inaswihi, ikiwa wakili atamsikia walii mwenyewe, na mashahidi wawili wamsikie, na pasiwe na shaka kwamba ni yeye."

"Simu yangu ina spika, Shehe. Hata kuku watamsikia."

Wa kuwekwa wakili alikuwa Zaidi, mdogo wake Haidari. Huyo naye! "Toka lini mtu akaozeshwa kwa waya?" akaguna.

"Haina waya, shemeji. Njoo uone."

Saa saba na nusu duka limejaa. Shehe kwenye kiti, mashahidi kwenye benchi, Shaban mlangoni, Zaidi kaegemea cherehani. Nilitangaza kwamba leo hapigi mtu simu, laini iwe wazi. Wateja wakagoma kuondoka, wakageuka wageni wa harusi. Wote tunaikodolea macho simu.

Saa nane kasoro robo, simu haijalia. Saa nane kasoro dakika tano, mvua ikaanza. Zaitun akamtuma mtu kutoka nyumbani aulize, "Baba amepiga?"

"Kwani mie simjui ndugu yangu?" Zaidi akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Ikalia! Wallahi nilivyoruka, nusura niangushe cherehani. Nikabonyeza spika.

"Haloo... Mama Zai... hapa kuna fole..."

"Inakatika!" nikapiga ukelele. "Boriti imeinama kwa upepo! Jamani, boriti!"

Kabla mtu hajainuka, Shaban keshatoka mbio, na kanzu yake mpya nyeupe, akaikumbatia boriti kwenye tope. Mie napiga kelele mlango wa nyuma: "Kushoto! Kushoto tena! Hapo hapo, usipumue!"

Sauti ikatoka safi, duka zima likapiga makofi.

Zaidi akainamia simu. "Kama kweli weye ni Haidari, nani alinivunja jino hili la mbele?"

"Ulianguka mwenyewe, ukiiba korosho za watu. Ukamwambia bibi ni mimi, nikachapwa mie."

Watu wakaangua kicheko. Zaidi akafunika mdomo. "Ndiye," akasema, "ndiye huyu huyu."

"Alhamdulillah," akasema Shehe. "Haya, Haidari, tamka."

Haidari hakutamka. Tukasikia watu wa Kilwa wakiongea nyuma yake. Nikajua ndo tayari, anabadilika.

"Shehe, subiri kidogo," akasema. "Mama Zaitun yupo?"

"Nipo."

"Wote wananisikia?"

"Wanakusikia."

"Basi wasikie. Kumwozesha naambiwa ni haki yangu mie. Lakini mtoto umemlea weye, mie sikuwepo. Sitamweka mtu wakili kabla sijakuuliza weye kwanza. Huyo kijana umemridhia?"

Lo! Mie Mwamvua, ninayeshinda nawasemea watu maneno yao kutwa nzima, sasa naulizwa langu. Tangu posa iletwe hakuna aliyeniuliza. Wazee walikaa wakapanga, mie nikapeleka chai na maandazi. Leo wanaume wote dukani wamenigeukia wananisubiri, Shehe mwenyewe akiwamo. Nikatazama mlango wa nyuma: Shaban yuko pale pale na boriti yake, kanzu imemganda mwilini, tope magotini, hatikisiki hata kidogo.

"Mama Zaitun? Unanisikia?"

"Nakusikia." Machozi yakanitoka mbele za watu wote, na sikuona haya. "Nimemridhia, Baba Zaitun. Nimemridhia kabisa. Waoane."

"Zaidi," akasema Haidari, sauti yake nayo haijakaa sawa, "nimekuweka wakili wangu umwozeshe binti yangu Zaitun kwa Shaban."

"Nimekubali," akasema Zaidi.

Shehe akamwita Shaban aingie ndani. Nikawaka. "Asiiachie boriti! Baba mtu asikie ndoa mpaka mwisho!" Ikabidi Shehe na mashahidi watoke kwenye mvua, na Zaidi akampa Shaban mkono wa kulia huku wa kushoto wa Shaban umeing'ang'ania boriti. Zaidi akatamka, Shaban akapokea kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mie nilikuwa mlangoni nimeishika simu kwa mikono miwili, nikapiga vigelegele kuliko wote.