Kushuka Ukuta wa Paroko

Leander Gstrein hana kifua. Mwambie jambo asubuhi, ukienda kununua mkate utalikuta limeshafika dukani kabla yako, tena limeongezwa chumvi. Si mtu mbaya, wala si mmbea wa kukaa kuchambua wenzake. Ni mwanamume ambaye furaha na huzuni haviwezi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Kituo chake cha kwanza ni mama yake, Rosina, na Rosina anaimba kwaya ya kanisa, na kwaya ile ina wanawake wenye masikio. Hapo hesabu imekwisha.

Ndiyo maana mkewe, Afra, alikuwa na mimba inayoingia mwezi wa tatu na mumewe hana habari.

Mimba mbili za kwanza alimwambia. Mara zote mbili bonde lile zima la Tirol, huko Austria, lilijua kabla ya chakula cha jioni, soksi ndogo zikafumwa, jina la babu likapendekezwa. Na mara zote mbili mimba ziliharibika, na wale wale wakaja na keki na nyuso ndefu, wakamshika mkono kana kwamba ameiba kitu na wamemsamehe. Ya pili ilitoka siku chache baada ya kuanguka na ski, zile mbao za kutelezea thelujini, kwenye mteremko wa Ukuta wa Paroko. Daktari alisema kuanguka hakukuhusika. Afra hakumwamini, na watu wa kwaya hawakumwamini pia. Sasa safari hii aliapa: asijue mtu, mpaka tumbo lenyewe liseme.

Basi ikafika Siku ya Mtakatifu Yosefu. Siku hiyo ukoo wa Gstrein wote hupanda kileleni kwa kebo, vibanda vinavyovutwa juu kwa waya, padri hubariki msalaba, halafu wanaushuka Ukuta wa Paroko mmoja nyuma ya mwingine, mzee Alban mbele. Alban, baba yake Leander, ndiye mwenye shule ya ski anakofundisha Leander. Njia ile ni nyeusi, yaani kali kuliko zote za mlima ule, na kwa mzee yule kila mwenye jina la Gstrein lazima aishuke, awe amezaliwa nalo au amelipata kwa kuolewa. Rosina tu ndiye husamehewa, kwa kuwa anabaki chini kupika. Chini kijiji kizima kinakaa kwenye mabenchi na bia, kinatazama.

Afra alikuwa amejipanga. Padri akimaliza tu, angechepuka kimyakimya aishike Njia ya Ng'ombe, ya buluu, pana na pole, inayozungukazunguka msituni, ambayo watoto wanaishuka huku wanatafuna mkate. Baadaye angesema alimsaidia mtoto wa mgeni aliyepotea. Uongo mdogo, nani angeupima?

Mambo yakaenda kombo kabla padri hajasema amina. Upepo wa joto wa kusini uliamka ghafla, ukawapokonya watu kofia, na kibanda cha mwisho cha kebo kiliingia kituoni kikiyumba kama mlevi. Kengele ikalia, kebo ikasimama. Afra akajisogeza pembeni upesi kuelekea ile ya buluu, akamkuta Koloman wa kikosi cha uokoaji, waliyesoma naye, anafunga kamba katikati ya njia.

"Koloman, unafanya nini?"

"Nafunga."

"Unafunga ya buluu? Hii hata bibi yangu anashuka!"

"Bibi yako angeshuka asubuhi. Saa hizi jua na huu upepo vimeshaipika theluji yote ya huko juu, imekuwa uji. Ikiporomoka, inaangukia hapa hapa njiani." Akavuta fundo kwa meno. "Rangi inakuonyesha mteremko tu, Afra. Haikuonyeshi kinachoning'inia juu ya kichwa chako. Acha kujifanya mtalii, unalijua hilo."

Kweli alilijua. Kwao, msichana huyajua hayo kabla hajajua kusuka nywele. "Nyekundu je? Ile ya bonde la pili?"

"Viti vya waya vya kurudia huku vimesimama. Ukishuka kule, wewe ni wa kule."

"Nitarudi na basi."

"Basi lipi, siku ya Yosefu? Dereva mwenyewe ana bia mkononi." Koloman akacheka. "Umebaki Ukuta, mama. Uko kivulini, umekauka kama vigae, lakini hauporomoki. Wasiouweza wanakaa mgahawani na watalii mpaka upepo ulale."

"Basi nami nitakaa," Afra akasema.

"Nani atakaa?"

Mzee Alban alikuwa nyuma yake, ndevu zinapeperuka, furaha imemjaa kama kawaida yake ya siku ile. "Mke wa mwanangu akae na watalii wa Kiholanzi, anywe supu, na watu chini wanatuhesabu kwa darubini? Haiwezekani! Leander! Njoo umsikie mkeo."

Leander akaja. Akamtazama baba, akamtazama mke, kisha akavitazama viatu vyake. Alikuwa na umri wa mtu mzima kabisa, lakini mbele ya mzee yule alikuwa hajawahi kuvuka miaka kumi.

"Baba, leo goti langu..." Afra akaanza.

"Goti! Ulianguka mwaka ule, binti yangu, najua. Mimi nimeanguka mara ngapi? Leo unashuka, woga unakwisha, tunakwenda kula." Akampiga begani kwa upendo, na upendo ule ulikuwa mbaya kuliko matusi.

Afra akapiga hesabu. Akibaki mgahawani, Rosina atang'amua kabla hajavua aproni, maana mara ya kwanza alianza hivyo hivyo, kuogopa njia za mlima. Kesho soksi zinafumwa. Na akishuka, je? Akautazama Ukuta. Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeketi, akaagiza supu, na maneno ya watu yakaenda zao. Lakini Afra alizaliwa bonde lile lile, na kiburi kile kile alikinyonya. Akajiambia: nimeushuka huu tangu utoto, nitakwenda taratibu, nitapita ukingoni. Akafunga viatu. Lo, wanawake wa milimani!

Alban akatangulia, akipaza sauti mpaka ukuta mzima ukaitikia mwangwi. Wakafuata mabinamu, akafuata Leander, na Afra wa mwisho.

Kona za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha njia ikaingia mahali wanapopaita Koo, miamba kushoto, miamba kulia, na barafu katikati inayong'aa kijivu. Ski ya chini ikamponyoka. Akateleza kwa ubavu, akasikia chuma kinakwaruza bila kushika, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema hapana, hapana, hapana. Halafu ikashika. Akasimama, mkono umegandamana na tumbo.

Na miguu ikagoma. Akaiamuru, ikakataa. Kurudi juu haiwezekani, barafu ile haipandiki. Kuendelea, ageuke vipi, na kugeuka ni kuielekeza ski bondeni na kuiachia? Hata kukaa chini hakuthubutu, kwa kuwa mtu akikaa pale hasimami tena mpaka mabenchini. Upepo ukampiga mgongoni. Chini, mbali, watu walikuwa wadogo kama punje za pilipili manga, na alijua kila mmoja wao amemwona. Alitaka kulia akaogopa kwamba kulia kutamtikisa.

"Afra! Geuka!" Alban alinguruma kutoka chini. "Usijikunje! Geuka!"

Leander alikuwa amesimama chini kidogo ya Koo. Akatazama juu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna Gstrein aliyewahi kulifanya Siku ya Yosefu: akaweka ski zake ubavu, akaanza kupanda kurudi, hatua ndogo ndogo, akiikata barafu kwa pembe za chuma.

"Leander! Unakwenda wapi, we kijana?"

Leander alifika kwa Afra akihema. "Nini, mke wangu? Goti?"

"Si goti."

"Basi nini? Hujawahi kuganda hivi. Nimekuona uso, umekuwa mweupe kuliko..."

"Nina mimba."

Leander akafungua mdomo. Macho yakamjaa maji hapo hapo, akacheka, akashika kichwa, na mkono wa kulia ukaenda wenyewe mfukoni.

"Iache hiyo simu."

"Nilikuwa natafuta leso."

"Muongo wee! Leander, nisikilize. Ukimwambia mama yako, sitakusamehe mpaka naingia kaburini. Sizitaki zile keki tena. Sizitaki nyuso zile. Kama huyu naye atatoka, nataka nimlilie mwenyewe, nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Umenielewa? Mdomo wako umenifunga wangu miaka yote, mpaka nimekuja kusimama hapa juu na mwanangu, kwa kumwogopa mama yako!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Leander mashavuni na hakuyafuta. Akashuka kidogo, akajiweka chini yake, ubavu kwa ubavu, jinsi wanavyoshushwa wageni wa siku ya kwanza.

"Niegemee," akasema. "Usigeuke hata mara moja. Tunateleza kwa ubavu tu. Ukiponyoka unaniangukia mimi, na mimi siendi popote."

Wakaanza. Kidogo kidogo, kama watu wanaosogeza kabati zito, kushoto mpaka mwamba, kulia mpaka mwamba. Mara mbili ski za Afra zilimponyoka, na mara zote mbili bega la Leander lilikuwepo. Walipotoka Kooni jua lilikuwa limeondoka hata bondeni. Chini watu walikuwa wameacha kunywa.

Alban aliwangoja mwisho wa mteremko, uso mwekundu. Nyuma yake mabenchi yote yalikuwa yameinuka, walimu wa shule ya pili ya ski, washindani wao, wakiwa mbele kabisa. Rosina alikuwa anakuja mbio na aproni yake ya sikukuu, na macho yake hayakumtazama mwanawe. Yalimtazama Afra, usoni, halafu yakaanza kushuka.

"Nini hii?" Alban akauliza. "Gstrein anashuka kwa ubavu mbele za watu? Nani alishindwa?"

Afra akavuta pumzi.

"Mimi," Leander akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka benchi la mwisho. "Nilifika Kooni nikaogopa, baba. Magoti yalitetemeka. Nilirudi kwa mke wangu anishushe."

"Wewe?"

"Mimi."

Mtu akacheka. Kicheko kikapita benchi hadi benchi. "Mwalimu! Nitakuletea nepi!" mmoja wa shule ya pili akapiga kelele, na Leander akasimama pale akakipokea chote, masikio yamemwiva.

"Na Jumatatu nani atakupa mtoto wake umfundishe?" Alban alisema, sauti imemshuka kabisa.

"Sijui, baba."

Mzee akabeba ski zake, akaenda zake. Rosina sasa alikuwa amemsahau Afra. Alimshika mwanawe mashavu yote mawili, akaona njia za machozi, akamvuta karibu.

"Wewe hujawahi kuogopa mlima tangu uzaliwe," akamwambia polepole. "Kuna kitu. Niambie mimi mama yako."

Maneno hayo yalikuwa hayajawahi kushindwa kumfungua. Leander akafungua mdomo. Afra akaacha kupumua.

"Njaa tu, mama," Leander akasema. "Chakula kiko tayari?"