Mgagani wa Koloni

Waswidi huviita koloni vile vipande vya ardhi wanavyokodisha watu walime mboga. Gaudiosa alilichekea neno hilo tangu siku ya kwanza: ametoka koloni Bukoba, amefika Rinkeby, pembeni mwa Stockholm, kapewa koloni lake mwenyewe! Lakini Agosti ya 1986 hakuna aliyemwona akicheka.

Yeye alipanda mgagani. Mgagani ni mboga ya jua, na jua la Stockholm ni la kuazima. Mwaka wa kwanza jalidi, ule umande unaoganda na kuunguza majani, iliua miche yote isipokuwa mmoja, mkaidi. Gaudiosa akatunza mbegu zake. Mwaka wa pili ilipona mitatu, akachagua uliowahi kukomaa. Akaenda hivyo miaka saba. Na mwaka huo wa 1986, kwa tamaa ya kumgawia mbegu zake kila mtu wa nyumbani aliyeko Stockholm, alizipanda zote, asibakize hata chembe.

Sasa jani la mgagani lina vidole vitano, na lile la bangi halina tofauti kubwa kwa mtu asiyejua mboga. Jirani mmoja akaona, akapiga simu. Polisi wawili walifika maganda ya mbegu yakiwa bado mabichi, wiki mbili tu kabla ya kukauka.

Gaudiosa alishikwa na hasira hadi Kiswidi chake chote kikamkimbia. Akamwita Severin, fundi wa treni mwenye koloni la pili kutoka lake, anayejivunia Kiingereza cha misheni.

"Waambie ni mboga. Tena ni dawa, mzazi akijifungua hupewa."

Severin alitafuta neno la dawa kwa Kiswidi, halikuja. Akalitafuta kwa Kiingereza, likaja mbio, drug, akalipindia ulimi kidogo lisikike Kiswidi.

"Drog," akasema, akitabasamu.

Drog! Kwa Waswidi hilo ndilo neno la bangi na ndugu zake wote. Nyuso za polisi zikakazana. Waling'oa mche baada ya mche, wakaisokomeza kwenye mifuko, Gaudiosa akiwatukana kwa Kihaya, lugha pekee iliyokuwa imebaki kinywani.

Mwezi uliofuata barua ya polisi ikaja. Maabara imepima, ni mboga, hana kosa. Mimea imeshateketezwa. Neno samahani alilitafuta mbele na nyuma ya karatasi, hakuliona. Aliichana vipande vipande.

Jumamosi Severin akamfuata koloni na bahasha mkononi.

"Mama, nisamehe. Dada yangu ametuma mbegu kutoka nyumbani. Mgagani ni mgagani."

"Mgagani ni mgagani?" Gaudiosa alifoka, watu wa makoloni ya jirani wakageuka. "Hizi zimelelewa juani, hazijui jalidi ni nini! Zangu zilisoma miaka saba, Severin! Miaka saba, ukazimaliza kwa neno moja!"

Severin akainamisha kichwa. Gaudiosa akampokonya bahasha.

"Mwezi wa sita utazipanda wewe. Jalidi ikipita utakuja kuhesabu miche iliyokufa, mpaka tuupate ule mmoja mkaidi. Na mwaka wa pili hivyo hivyo."

"Nitakuja, mama. Na polisi wakirudi, nitawaambia ni—"

"Wewe utafunga mdomo," akasema Gaudiosa. "Nitasema mwenyewe."